Undugu Unakaa Wapi?

Kiswahili kimezoea kuyapa majina mambo yasiyoshikika, na kuyatamka kana kwamba ni vitu: undugu, ujirani, ukwe, urafiki, uadui. Maneno haya yamo katika ngeli moja na uzi, ukuta na ufunguo. Ukuta unajengwa, urafiki nao unajengwa. Ukuta unavunjika, urafiki nao unavunjika. Lakini hebu utafute ujirani mahali unapokaa. Haumo ndani ya nyumba ya kwanza, maana nyumba hiyo ingesimama peke yake porini isingekuwa na ujirani wowote. Haumo ndani ya nyumba ya pili, kwa sababu hiyohiyo. Haumo hata kwenye kichochoro kilichopita kati yao, kwa kuwa kichochoro ni udongo na mawe tu. Hata hivyo watu huombana chumvi kwa ajili ya ujirani, hupelekana barazani kwa ajili yake, na huchimbiana makaburi kwa ajili yake. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wanafalsafa wameligombania tangu zamani: je, uhusiano ni kitu kilichopo kweli, au ni namna yetu tu ya kuviangalia vitu viwili kwa pamoja?

Nashikilia kwamba uhusiano upo, na upo kwa uthabiti uleule wa vitu vyenyewe. Ushahidi ninaoutegemea unatoka kwenye tawi la hisabati linaloitwa nadharia ya grafu. Grafu hapa si ile michoro ya milingoti na mishale inayopanda na kushuka kwenye kurasa za uchumi. Ni mchoro wa nukta na mistari: kila kitu unakiwekea nukta, na kila uhusiano kati ya vitu viwili unauwekea mstari. Mistari inaweza kuwa na mwelekeo, kama deni linavyotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na inaweza kuwa na uzito, kama barabara moja inavyobeba malori mengi kuliko nyingine. Kwa zana hizi chache watu husoma mifumo changamano, kama gridi ya umeme, chakula cha viumbe wa ziwani, na magonjwa yanavyopita kutoka mtu hadi mtu. Kanuni za mwanzo mwanafunzi atazielewa kwa mchana mmoja. Kinachomtoa jasho ni kuamua kipi kistahili nukta na kipi kistahili mstari, na uamuzi huo hakuna kanuni itakayomfanyia. Anapoufanya, ajue asijue, ametoa kauli juu ya vitu gani vipo duniani.

Aristotle alipopanga namna za kuwapo, uhusiano aliuweka mkiani kabisa. Kwake kitu chenyewe, mtu au farasi, ndicho chenye kuwapo kamili. Wingi na sifa hufuata zikikiegemea. Uhusiano ni dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa unaweza kubadilika bila kitu chenyewe kuguswa. Kijana akimpita baba yake kwa kimo, baba anakuwa mfupi kuliko mwanawe bila hata unywele mmoja wa kichwa chake kubadilika. Hoja hii ina nguvu, na katika karne ya 14 William wa Ockham aliisukuma mbele zaidi akasema kwamba nje ya akili kuna vitu peke yake, na uhusiano si kitu cha ziada juu yao. Wengi leo wanaamini hivyohivyo bila kuwahi kumsikia Ockham. Wanadhani kukielewa kitu ni kukivunjavunja hadi sehemu zake, na kwamba ukishazimaliza sehemu, hakuna kilichobaki cha kujua.

Sasa tuutazame mji wa Königsberg, katika Prussia, uliokatwa na mto Pregel. Maji yaliugawa mji katika vipande 4 vya ardhi, kimojawapo kisiwa cha Kneiphof, na madaraja 7 yakaviunganisha. Wenyeji walijiuliza kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu, asirudie hata moja na asiruke hata moja. Hakuna aliyefaulu, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Mwaka 1735 mwanahisabati Leonhard Euler alitoa jibu mbele ya Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, na alianza kwa kutupa karibu kila kitu: urefu wa madaraja, upana wa mto, ukubwa wa ardhi, sura ya mitaa. Alibakiza jambo moja, yaani kipande kipi kimeungana na kipi, na kwa madaraja mangapi. Kila mtu anapoingia kwenye kipande cha ardhi kisha akatoka, ametumia madaraja mawili. Basi kipande chenye idadi ya madaraja isiyogawanyika kwa mbili hakina budi kuwa mwanzo wa safari au mwisho wake. Kneiphof kilikuwa na madaraja 5, na vile vingine vitatu vilikuwa na 3 kila kimoja. Vipande vyote vinne vinadai nafasi ya kuwa mwanzo au mwisho, na safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Haiwezekani. Euler mwenyewe aliandika katika barua ya 1736 kwamba suluhisho la namna hii lina uhusiano mdogo na hisabati, kwa kuwa limetegemea akili ya kawaida peke yake. Alikuwa amefungua mlango wa elimu mpya na bado hajajua ni mlango.

Kutowezekana kule kulikaa wapi? Hakukukaa katika daraja lolote, maana kila daraja lilivukika. Hakukukaa katika ardhi, wala katika miguu ya watembeaji. Mji ule leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na ujenzi uliofuata, yaliyapunguza madaraja ya sehemu zile hadi 5, na sasa matembezi yaleyale yanawezekana, alimradi mtu aanzie kwenye kisiwa kimoja na kuishia kwenye kingine. Kitu kinachoweza kumzuia mtu mwenye miguu mizima siku baada ya siku, kisha kikaondoka na yeye akapita, siwezi kukiita wazo tu la kichwani. Ukuta ningeuamini kuwa upo kwa ushahidi wa namna hiyohiyo.

Mpinzani makini hatakubali upesi. Atasema madaraja mawili yalitoweka. Basi vitu navyo vilibadilika, na huenda ni vitu vilivyofanya kazi yote. Ana haki, kwa hiyo tutafute mfano ambao vitu havikuongezeka wala kupungua. Upo jikoni. Ndani ya mtungi wa gesi ya kupikia mna butani, ambayo molekuli yake ina atomu 4 za kaboni na 10 za haidrojeni. Iko molekuli nyingine, isobutani, inayozungushwa ndani ya mabomba ya majokofu mengi ya siku hizi; nayo ina kaboni 4 na haidrojeni 10. Hesabu vifungo vinavyozishikanisha atomu hizo: katika butani ni 13, na katika isobutani ni 13. Nukta ni zilezile kwa idadi na kwa aina, na mistari ni ileile kwa idadi. Tofauti ni nani ameshikana na nani. Katika butani kaboni zimeshikana mikono kama watu wa foleni moja. Katika isobutani kaboni moja iko katikati na tatu zimeizunguka kama mafiga yanavyouzunguka moto. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuifanya butani ichemke karibu na nyuzi sifuri, na isobutani ichemke kwenye nyuzi kama 12 chini ya sifuri. Arthur Cayley, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, alikaa akizihesabu molekuli za jamii hii kama miti ya nukta na mistari. Anayesema kwamba uhusiano si chochote juu ya vitu atueleze tofauti hiyo ya joto, ya nyuzi kama 11, imetoka wapi.

Lakini hapa lazima nifunge breki, kwa sababu ipo kauli ya upande wa pili inayokwenda mbali kupita kiasi. Wako wanafalsafa wa sayansi wa siku hizi wanaosema kwamba vitu ndivyo visivyokuwapo, na kwamba ulimwengu ni mistari mitupu, kila nukta ikiwa ni mahali tu mistari inapokutana. Kauli hiyo inavutia, na kwa masikio yetu ina utamu wa methali isemayo mtu ni watu. Grafu yenyewe inaikataa. Chora ukoo wenye mapacha, Kulwa na Doto. Mama wa Kulwa ndiye mama wa Doto, na baba vivyo hivyo. Shangazi, wajomba, babu na bibi ni walewale. Kila mstari unaotoka kwa mmoja una mwenzake unaotoka kwa mwingine, na ukiyafuta majina huwezi kusema ni nukta ipi ya nani. Hata majina yenyewe yanasema tu nani alitangulia kuzaliwa. Kama nukta isingekuwa chochote ila mistari yake, Kulwa na Doto wangekuwa mtu mmoja. Nao ni wawili. Akifa mmoja, mwingine analia. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya nukta ambacho mistari yote haikimalizi. Mtu ni watu, ndiyo, na bado ni mtu.

Pingamizi zito kuliko hilo la kwanza linahusu mkono wa mchoraji. Mistari, litasema, haikukutwa duniani, imechorwa. Mchunguzi mmoja ataweka mstari kati ya watu wanaosalimiana, mwingine kati ya wanaokopeshana, na kila mmoja atapata mchoro wake. Kitu kinachobadilika kwa hiari ya mchoraji kinawezaje kuwa na kuwapo kwake chenyewe? Jibu naliona katika elimu ya hadithi za Mtume, ambayo imesomeshwa kwenye darasa za mwambao wetu vizazi kwa vizazi, ingawa haikuitwa kwa jina la grafu. Mwanafunzi anayefungua Sahihi ya Bukhari anakutana kwanza na hadithi ya nia. Ichore. Kutoka kwa Mtume (s.a.w.) mstari unakwenda kwa Umar bin al-Khattab, kutoka kwake kwa Alqama bin Waqqas, kisha kwa Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, kisha kwa Yahya bin Said al-Ansari. Mpaka hapo ni uzi mmoja. Fundo lolote likikatika hakuna njia ya kuzunguka. Kwa Yahya mchoro unafunguka kama matawi ya mbuyu, wapokezi wengi kwa pamoja, kila mmoja na wanafunzi wake. Wanavyuoni waliliona umbo hilo wakalipa jina: hadithi hii ni gharibu katika mwanzo wake, ingawa usahihi wake hawakuutilia shaka, na hadithi iliyofika kwa njia nyingi zisizotegemeana wakaiita mutawatiri. Mtaalamu wa mitandao ya umeme anayeuliza kuna njia ngapi tofauti kati ya bwawa na mji anauliza swali lao.

Sasa, mstari wao ulikuwa ni nini? Hapa walibishana, na ubishi wao ni hazina. Mpokezi anapotumia neno la Kiarabu lenye maana ya "kutoka kwa fulani", hajasema wazi kwamba alimsikia fulani kwa masikio yake. Kanuni inayohusishwa na Bukhari inataka uthibitisho kwamba wawili hao waliwahi kukutana. Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, aliipinga kwa ukali kanuni ya namna hiyo. Kwake ilitosha kwamba waliishi zama moja, wangeweza kukutana, na mpokezi hajulikani kwa kuficha mapengo ya mapokezi yake. Hizo ni tafsiri mbili za mstari, na zinatoa michoro miwili. Je, ubishi huo unaonyesha kwamba mstari ulikuwa wa kubuni? Naona kinyume chake. Walitofautiana juu ya ushahidi gani utoshe, lakini hakuna kati yao aliyedhani kwamba kukutana kwa watu wawili mjini Kufa au Basra ni jambo la kuamuliwa na mwandishi. Ama walikutana, ama hawakukutana. Ndiyo maana wanavyuoni walisafiri miezi kuulizia, na ndiyo maana mtu aliyeruka jina katikati alionekana ametenda kosa. Mchoraji ana hiari ya kuchagua aina ya uhusiano anaoutafuta. Akishachagua, hana tena hiari ya kuamua uko wapi. Anaweza kukosea, na penye kukosea pana kitu cha kukosewa.

Elimu hiyohiyo inanisaidia kulijibu pingamizi la tatu, ambalo ni la kimaadili na linalonigusa kuliko mengine. Kumfanya binadamu nukta, wanasema, ni kumdhalilisha. Na mbaya zaidi, ukishasema kwamba kosa liko kwenye mtandao, umemwondolea kila mtu dhima yake. Wanavyuoni wa hadithi hawakuifuta nukta hata siku moja. Pembeni ya mchoro wa nani kapokea kwa nani waliandika vitabu vizima juu ya mpokezi mwenyewe, kama kumbukumbu yake ni imara, kama ni mkweli, kama uzee ulimchanganya. Mnyororo wenye viungo vyote na mwongo mmoja ndani yake waliutupa. Hilo ni onyo kwa kila anayeanza kazi hii leo na kompyuta inayochora nukta milioni moja kwa sekunde: nukta isiyoandikwa sifa zake ni ufupisho, na anayeufupisha mchoro anapaswa kukumbuka alichokiacha nje.

Juu ya dhima, naanza na kisa ambacho hakina mkosaji. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ya kituo ikazidiwa na mzigo, nayo ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ya Kenya ikabaki bila umeme. Tumbili alipona. Hakuna atakayemhukumu, na waya hauna dhambi. Tunabaki tunauliza juu ya waliopanga nani amtegemee nani. Dhima haikupotea, imehama. Kisha tazama Likoma, kisiwa kidogo cha Malawi ndani ya ziwa Nyasa, ambako Stéphane Helleringer na Hans-Peter Kohler walichunguza mtandao wa mahusiano ya kimapenzi na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Wakazi wengi walitaja wapenzi wachache tu, idadi ambayo mhubiri au mganga asingeishangaa. Mistari ilipounganishwa, karibu nusu ya waliokuwa na mahusiano walijikuta ndani ya mtandao mmoja mkubwa, na zaidi ya robo wameunganika kwa zaidi ya njia moja. Hakukuwa na haja ya kuwepo mtu mmoja fasiki wa kubebeshwa lawama. Virusi vya Ukimwi vingeweza kupita kati ya watu ambao kila mmoja, akijitazama peke yake, angesema maisha yake ni ya kawaida. Dini zetu zinafundisha kwamba kila nafsi itabeba mzigo wake, na sioni kwamba mchoro huu unalipinga fundisho hilo. Unachokipinga ni mazoea ya kumtazama mgonjwa na kusoma tabia yake kwenye ugonjwa wake. Ukubwa wa hatari aliyokuwa ndani yake haukuandikwa kwake. Uliandikwa kati yake na watu ambao hajawahi kuwaona. Kumbe mtandao, badala ya kumpunguzia mtu utu, umemwondolea fedheha ambayo haikuwa yake.

Nikirudi kwa anayeanza, namshauri aanze na karatasi na swali moja, kabla hajagusa programu yoyote. Achukue ziwa Victoria. Sangara waliingizwa humo katikati ya karne iliyopita, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamezagaa. Mchoro wa kwanza ni mwepesi: nukta kwa sangara, kwa dagaa, kwa sato, na kwa furu, wale samaki wadogo wa spishi mamia, mstari wenye mshale kwa kila anayemla mwenzake. Mchoro huo unasema kweli kwamba furu waliliwa, na spishi nyingi zao zikatoweka. Lakini hausemi kilichotokea nchi kavu. Furu walikuwa wanaanikwa juani wakakauka. Sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi. Lazima abanikwe kwenye moshi au akaangwe, na moshi unataka kuni. Hapo unapaswa kuchorwa mstari kutoka kwa samaki hadi kwenye mti wa mlimani, mstari ambao aliyeweka nukta za samaki peke yake asingeuota. Viwanda vya minofu vilipofika, mistari mingine ikaota: minofu ikaelekea Ulaya, mabondo yakaelekea Asia, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, yakabaki kwa wanawake wa Mwanza wanaoyakaanga na kuyauza kwa wasioweza kununua mnofu.

Mchoro huu utaishia wapi? Kutoka kwenye kuni unaweza kwenda kwenye udongo unaomomonyoka, kutoka kwenye udongo ukarudi ziwani pamoja na tope. Ulimwengu haukutuwekea ukingo wa karatasi. Ukingo unawekwa na swali. Anayeuliza kuhusu samaki wangapi wamebaki anaweza kuusimamisha mchoro ufukweni bila kosa. Anayeuliza ziwa linamlisha nani ataendelea mpaka kwenye karai la mafuta, na hapo ataweka nukta kwa yule mama aliyekaa mbele yake akigeuza mapanki, na mistari mitatu: mmoja kwenda kiwandani, mmoja kwenda kwa muuza kuni, na mmoja kwa mtoto aliyetumwa na sarafu mkononi.